Kodi Nyeusi ya Wezi wa Mpakani

Mwezi Mei 1530, mjini Edinburgh, mtu mmoja aitwaye Adam Scott wa Tushielaw alisimamishwa mbele ya mahakama ya mfalme wa Uskoti. Alikuwa mtu mwenye ardhi na mnara wa mawe katika bonde la Ettrick, na nchi nzima ilimjua kwa jina la Mfalme wa Wezi. Shtaka lililommaliza lilikuwa kuwatoza wapangaji maskini malipo ambayo karani aliyaandika kwa jina la "blak maill". Akapatikana na hatia, akakatwa kichwa. Nyimbo za mpakani zilizotungwa baadaye zilipenda kumnyonga kwenye mti wa mlangoni kwake, maana mti wa nyumbani unanogesha hadithi kuliko gogo la mkata vichwa, lakini kumbukumbu za mahakama zinasema alifia Edinburgh.

Kesi hiyo ni miongoni mwa maandishi ya zamani kabisa yanayolitaja neno ambalo leo wasemaji wa Kiingereza wanalitumia kila siku bila kujua lilikotoka. Kwao "blackmail" ni barua isiyo na jina, picha ya aibu, tishio la kumwaga siri ya mtu hadharani asipotoa fedha. Adam Scott hakuwa na siri ya mtu yeyote, wala hakuihitaji. Waliomlipa walikuwa na mifugo, na hilo lilitosha.

Sehemu ya pili ya neno hilo, "mail", ilikuwa ya heshima kabisa. Asili yake ni Kinorse cha kale, lugha ya Waskandinavia waliovuka bahari na kuhamia kaskazini mwa Uingereza na sehemu za Uskoti, na kwanza ilimaanisha maneno ya watu wawili, mapatano. Mapatano ya ardhi yakawa pango la ardhi. Katika Kiskoti cha zamani, shamba la kukodi liliitwa "mailing" na aliyelikodi "mailer". Kulikuwa na mail ya nyasi kwa mwenye kulisha ng'ombe kwenye malisho ya mwingine, mail ya nyumba kwa mpangaji, na mail ya miji iliyoingia moja kwa moja katika hazina ya mfalme. Haina undugu wowote na "mail" ya posta, ambayo ilitoka Ufaransa ikiwa na maana ya mkoba. Wanasheria wa Uskoti walilihifadhi neno hilo kwa ukaidi: mdai aliyetaka kujilipa kwa kukamata pango la wapangaji wa mdaiwa wake alifungua shauri la "maills and duties", na njia hiyo ilibaki sheriani mpaka Bunge la Uskoti lilipoifuta kwa sheria ya mwaka 2007.

Weusi wa "black" uliingiaje basi? Wanasheria wa Uingereza wa karne ya 17 walikuwa na jibu lililonyooka. Walisema pango lililolipwa kwa fedha ya kung'aa liliitwa jeupe, na lililolipwa kwa ng'ombe, nafaka au kazi ya mikono likaitwa jeusi. Jibu hilo limerudiwa vitabuni tangu wakati huo. Mimi halinishawishi. Huko Ireland, katika zama za kati, walowezi wa Kiingereza waliwalipa watawala wa Kiairishi malipo ya kununua amani yaliyoitwa pango jeusi, na serikali ya Kiingereza ya Dublin yenyewe ilikuwa ikimlipa MacMurrough wa Leinster kwa fedha taslimu kutoka hazina yake. Fedha ilikuwa ileile nyeupe, ila pango likabaki jeusi. Mpakani mwa Uskoti nako watu walilipa kwa sarafu, kwa shayiri na kwa ng'ombe, na jina halikubadilika. Weusi huo ni wa tendo lenyewe. Kulikuwa na pango halali, analotozwa mpangaji na mwenye ardhi, na kulikuwa na jingine lililofuata nyuma yake kama kivuli, analotozwa na mtu asiye na haki nalo.

Na mpangaji wa bondeni alilipa yote mawili.

Kuelewa kwa nini alilipa, ni lazima kuujua mpaka huo, unaoanzia mlango wa mto Tweed mashariki hadi ghuba ya Solway magharibi. Tangu Edward I alipoivamia Uskoti mwaka 1296, majeshi ya pande zote mbili yalipita huku na huku kwa vizazi, yakichoma yaliyoyakuta. Shayiri iliyosimama shambani haikimbii moto, kwa hiyo watu wa mpakani waliweka mali yao kwa ng'ombe, kondoo na farasi. Tatizo ni kwamba mnyama anayeweza kutembea kumkimbia mvamizi anatembea vilevile kumfuata mwizi. Ukawa uchumi wa kunyang'anyana. Kila mwaka, kuanzia majira ya vuli usiku unapoanza kurefuka na ng'ombe wakiwa bado wamenona, vikundi vya wapanda farasi vyenye kofia za chuma na mikuki mirefu vilivuka vilima, vikafagia zizi la mtu na kurudi kabla ya mapambazuko. Watu hao waliitwa "reivers", wapokonyaji.

Hawakuwa majambazi wa msituni. Walikuwa koo: Armstrong, Elliot, Nixon, Kerr, Maxwell na Johnstone upande wa Uskoti, Charlton, Robson na Musgrave upande wa Uingereza, na Graham kote kote kadiri ilivyowafaa. Walioana kuvuka mpaka. Armstrong wa Liddesdale angeweza kumwibia Mskoti mwenzake Jumatatu na kunywa na shemeji yake Mwingereza Jumanne. Falme zote mbili ziliugawa mpaka katika kanda tatu, mashariki, kati na magharibi, kila kanda na mlinzi wake aliyeteuliwa na mfalme, na mara nyingi mlinzi mwenyewe alikuwa mkuu wa ukoo mmojawapo wenye visasi. Palikuwa hata na kipande cha nchi kati ya mito Esk na Sark ambacho hakikuwa cha yeyote, Ardhi ya Mgogoro, mpaka mwaka 1552 balozi wa Ufaransa alipoombwa kuamua na handaki likachimbwa kuigawa.

Kulikuwa na sheria, na nyingine zilikuwa za kupendeza kusoma. Aliyeibiwa aliruhusiwa kuwafuata wezi kuvuka mpaka akiwa na mbwa na baragumu, na bonge la udongo wa majani linalowaka moto likiwa kwenye ncha ya mkuki, ishara kwa wote kwamba msako huo ni halali na kila jirani anapaswa kuungana nao. Ilikuwa njia nzuri kwa mtu mwenye farasi kumi na ndugu ishirini. Mjane mwenye ng'ombe watatu angemfuata nani?

Hapo ndipo mwenye kutoza alipoingia. Kwa malipo ya kila mwaka, watu wa jina lake hawangeligusa zizi lako. Wakikuibia wa jina jingine, yeye angekwenda kuwadai mifugo kwa upole au kwa upanga. Mkataba huo ulikuwa na sehemu mbili, tishio na huduma, na hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Huduma ilikuwa ya kweli. Walinzi wa mfalme walikaa kwenye ngome za mbali na kusubiri siku maalumu za mapatano ili kusikiliza mashauri, ilhali Armstrong alikuwa mwendo wa nusu saa kwa farasi.

Kanisa lilijaribu kwanza. Mwaka 1525 askofu mkuu wa Glasgow, Gavin Dunbar, alitoa laana ndefu dhidi ya wezi wote wa mpakani, inayowahesabu viungo vya mwili kimoja kimoja na kuwafuata walalapo, walapo na wapandapo farasi. Ilisomwa makanisani. Miaka mitano baadaye mfalme kijana James V, mwenye umri wa miaka 18, alijaribu njia yake. Kwanza akawafungia ngomeni wakuu wa mpakani ili wasiwakinge watu wao, akawaua Scott wa Tushielaw na jirani yake Cockburn wa Henderland, kisha akashuka na jeshi hadi Caerlanrig, ambako Johnnie Armstrong wa Gilnockie alikuja kumlaki akiwa amevaa vizuri na kufuatana na watu wake. Wakanyongwa kwenye miti ya hapo. Kamba ilimwondoa Armstrong, lakini haja ya mtu kama Armstrong ilibaki palepale.

Sheria zilizofuata ndizo zinazonishangaza zaidi, kwa sababu hazikumwandama mtozaji peke yake. Bunge la Uskoti lilipiga marufuku malipo haya mwaka 1567 na tena 1587. Mwaka 1601, chini ya Elizabeth I, Bunge la Uingereza likatunga sheria kwa ajili ya Cumberland, Northumberland, Westmorland na Durham. Sheria hiyo inaeleza kwa usahihi wa mtu aliyefika: kwamba watozaji ni watu wenye majina, wenye urafiki na undugu na wezi wanaojulikana. Kisha inaamuru adhabu ya kifo kwa anayepokea malipo hayo, na kwa anayeyatoa vilevile. Yaani serikali iliyoshindwa kulilinda zizi la mkulima ilimwahidi kitanzi akililinda kwa senti yake mwenyewe. Washauri wa malkia walikuwa na hoja yao, bila shaka. Kila aliyelipa alimnenepesha mwizi, akamwachia jirani asiyelipa msiba wote. Lakini hoja hiyo ni rahisi kuitoa ukiwa London.

Mambo yaliisha haraka, na yaliisha kwa sababu mpaka wenyewe uliisha. Elizabeth alipokufa mwaka 1603, James VI wa Uskoti alirithi na Uingereza. Akawa hana tena haja ya watu wakorofi kati ya falme zake mbili. Akaupa ukanda huo jina la wilaya za kati. Tume ya pamoja ikaanza kazi mwaka 1605. Watu walinyongwa Jedburgh kwa kasi iliyoacha msemo, haki ya Jeddart, maana yake mtu anyongwe kwanza na kesi isikilizwe baadaye. Ukoo wa Graham ulisombwa, wengine wakapelekwa Roscommon huko Ireland, ambako wengi hawakukaa.

Neno likahamia kaskazini, kwenye ukingo wa Nyanda za Juu za Uskoti. Huko wakulima wa tambarare za Stirling, Dunbarton na Perth waliishi chini ya milima ya watu wasemao Kigaeli. Mazingira yalikuwa tofauti na ya mpakani, na fedha iliyozunguka ilikuwa nyingi zaidi. Baada ya muungano wa mwaka 1707, soko la Uingereza lilifunguka kwa ng'ombe wa Uskoti. Makundi makubwa yaliswagwa kila mwaka kwenda minada ya Crieff na kisha Falkirk. Kundi moja lililopotea njiani lingeweza kumfilisi mtu.

Biashara hiyo ndiyo iliyomfilisi Rob Roy MacGregor. Alizaliwa Glengyle mwaka 1671, akawa mfanyabiashara wa ng'ombe mwenye kuaminika, na pembeni akiendesha ulinzi wa mifugo kwa malipo. Karibu na mwaka 1711 alichukua mkopo mkubwa kwa Duke wa Montrose kununua ng'ombe. Mtu wake aliyekabidhiwa fedha akatoweka nazo. Montrose akamtangaza kuwa tapeli, akamnyang'anya ardhi. Rob Roy akajibu kwa ufundi aliokuwa nao: mwezi Novemba 1716 alimvamia Graham wa Killearn, msimamizi wa mali ya Montrose, akiwa katikati ya kukusanya pango la wapangaji. Akachukua fedha zote, akamchukua na msimamizi, akamweka kisiwani kwenye ziwa Katrine, kisha akamwachia baada ya siku chache bila dhara. Mwenye kodi nyeusi alikuwa ameteka kodi halali na mkusanyaji wake, na wapangaji walioshuhudia sidhani kama walilia sana.

Alifia kitandani kwake mwaka 1734. Biashara ya ulinzi iliendelezwa na mpwa wake, Gregor MacGregor wa Glengyle, na hapa ndipo tunapokutana na kitu cha ajabu kabisa: hati. Mwaka 1741 mpwa huyo aliwekeana mkataba ulioandikwa na kutiwa saini na wenye ardhi kadhaa wa Stirling na Dunbarton. Muda wake ni miaka saba. Malipo ni pauni 4 kwa mwaka kwa kila pauni 100 za thamani ya pango la shamba. Mifugo ikiibwa, ataitafuta na kuirudisha katika miezi sita, la sivyo atalipa thamani yake. Udokozi wa mnyama mmoja mmoja haumo. Vita vikizuka nchini, mkataba unakoma. Jina lililotiwa saini si MacGregor, kwa sababu jina hilo lilikuwa limepigwa marufuku kisheria. Humo mpwa huyo anaitwa James Graham, jina la ukoo wa Montrose.

Msomaji wa Kiswahili atakumbuka hongo ya misafara ya karne ya 19, ambayo watemi wa Ugogo waliitoza mchana kweupe, baada ya mashauriano ya siku kadhaa, kabla wapagazi hawajaruhusiwa kunywa maji na kupita. Wenye ardhi wa Stirling nao hawakuona haya. Walikuwa waheshimiwa, wengine mahakimu wa wilaya zao, na kwa mujibu wa sheria za zamani ambazo hakuna aliyezikumbuka, walikuwa wakitia saini kosa.

Serikali ilijua. Jenerali George Wade, aliyetumwa mwaka 1724 kuchunguza hali ya Nyanda za Juu, aliitaja kodi hiyo katika taarifa yake kwa mfalme. Aliitaja pia "tascal", zawadi ya mtoa habari za mifugo iliyoibwa. Edmund Burt, Mwingereza aliyefanya kazi kaskazini wakati huo, aliandika kwamba watu wa ukoo wa Cameron walikuwa wameapa juu ya visu vyao kutoipokea kamwe. Wade akajenga barabara na madaraja, na mwaka 1725 akaunda vikosi vya wenyeji vya kulinda mifugo. Kwa vazi lao la rangi nzito vikaitwa Ulinzi Mweusi, Black Watch. Nahodha mmoja alikuwa Simon Fraser, Lord Lovat, ambaye alishutumiwa kuwalea wezi alioajiriwa kuwakamata. Hakuwa peke yake aliyefahamu kwamba mlinzi bila mwizi hana kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1740, Coll Macdonell wa Barrisdale alisemekana kuvuna hadi pauni 500 kwa mwaka kwa njia hii.

Vikosi vya Wade viligeuzwa kuwa jeshi la kawaida mwaka 1739, na mwaka 1743 vikapelekwa ng'ambo, Flanders. Wezi wakarudi kazini mara moja. Mwaka uliofuata Ewan Macpherson wa Cluny aliunda ulinzi wake kwa malipo ya wenye ardhi, na ulifanya kazi vizuri. Inasimuliwa kwamba kasisi mmoja alikuwa akihubiri dhidi ya wizi, mzee mmoja akamkatiza: asijichoshe, kwa maana upanga wa Cluny utafanya zaidi ya makasisi wote wa sinodi.

Kisha ukaja uasi wa 1745, wa kumpatia ufalme mwana wa James VII, ukiongozwa na mjukuu wake, Prince Charles. Kasisi wa Campsie, akiandika katika miaka ya 1790, alieleza kwamba mwaka 1744 baba yake alikuwa bado anamlipa Glengyle. Kwa hesabu za wakati huo, kondoo wasiofika saba walikuwa wamedokolewa tu, wakifika saba walikuwa "wameinuliwa" na fidia ikadaiwa. Mwanzoni mwa 1745 kondoo kadhaa wakainuliwa. Glengyle alikuwa tayari kulipa, lakini uasi ulipoanza akakataa. Alikuwa sasa afisa wa Prince Charles, baadaye msimamizi wa ngome ya Doune, na vita vilikuwa vimezuka nchini. Kifungu cha mkataba kilikuwa upande wake.

Baada ya waasi kushindwa Culloden, Aprili 1746, jeshi la serikali lilijaza mabonde ngome na doria, na mwaka 1747 Bunge likafuta mamlaka ya kurithi ya wakuu wa koo ya kuhukumu watu wao. Kodi nyeusi ikafa. Ilikufa kiasi kwamba Walter Scott, alipochapisha Waverley mwaka 1814, ilimbidi amfanye mhusika wake kijana wa Kiingereza aulize maana ya neno hilo ili wasomaji nao waambiwe. Riwaya yake ya Rob Roy ikafuata mwishoni mwa 1817, ikauzwa kama mkate, na neno lililokuwa la wakulima wa kando ya milima likawa la kila mwenye kitabu.

Magazeti yalilipokea kwa hamu na kulipa kazi mpya. Kulikuwa na aina ya wahalifu wa mijini waliokosa jina: watu waliotishia kuchapisha kashfa wasipolipwa. Uingereza iliwatungia kifungu katika sheria ya kashfa ya 1843. Wakati sheria ya 1885 ilipofanya mapenzi ya wanaume kwa wanaume yaadhibiwe hata yakiwa ya faraghani, wapinzani wake waliiita hati ya neema kwa watishiaji, na Oscar Wilde alikuwa miongoni mwa waliosumbuliwa nao. Mwaka 1904 Arthur Conan Doyle, mzaliwa wa Edinburgh, alimpa Sherlock Holmes adui wa aina hiyo, Charles Augustus Milverton, anayenunua barua za mapenzi na kuwauzia wenyewe walioziandika.

Milverton hatoi huduma yoyote. Halindi zizi la mtu. Ulinzi, uliokuwa nusu ya mkataba wa Armstrong na wa Glengyle, umetoweka, limebaki tishio peke yake. Na aliyelipa, ambaye mwaka 1601 angenyongwa pamoja na aliyemlipa, amekuwa mwathirika ambaye mahakama mara nyingi humficha jina.

Sheria ya Uingereza na Wales ililirudisha neno hilo rasmi mwaka 1968, katika sheria ya wizi, kwa adhabu isiyozidi miaka 14 jela. Uskoti yenyewe haikulichukua. Huko kosa hilo linaitwa "extortion", na mwendesha mashtaka wa Edinburgh au Jedburgh anayeandika hati ya kumshtaki mtu aliyetishia kumwaga siri ya mwenzake hana kifungu chenye jina la "blackmail" cha kukitaja.